Land Rover ya baba mkwe au Noah: miezi saba nikiendesha zote mbili hapa Tanga

Kwa miezi saba uani kwetu Sahare yamelala magari mawili: Land Rover Defender 110 ya 1996 aliyotuachia baba mkwe, na Toyota Noah ya 2009 tuliyoinunua kwa mtu kwa milioni 16. Mume wangu alisema tangu mwanzo kwamba hatuna uwezo wa kuyatunza yote, moja lazima liuzwe. Aliyeyaendesha zaidi ni mimi. Biashara yangu ni iliki na pilipili manga kutoka vijiji vya Amani, na watoto wetu watatu ndiye mimi ninayewapeleka shule.

Nianze na Land Rover, kwa sababu naipenda. Injini ni ile dizeli ya 300Tdi, cc 2,495, haina kompyuta. Ikizima, sababu unaiona kwa macho: chujio limeziba, au hewa imeingia kwenye njia ya dizeli. Iliwahi kunizimikia juu ya kijiji cha Kisiwani, na kijana wa bodaboda aliyekuwa na spana moja akalegeza nati, akatoa hewa, tukaondoka. Matairi yote manne yanavuta muda wote, na penye utelezi unasogeza kile kijiti kifupi ukafunga difu ya kati, matairi ya mbele na ya nyuma yakalazimika kuzunguka pamoja. Anayeijua njia ya Muheza kwenda Amani atanielewa. Ni kama kilomita 35, na ukishapita Kisiwani ni kona juu ya kona ndani ya msitu, udongo mwekundu ambao mwezi wa nne unateleza kama sabuni. Nimeshuka pale mvua ikinyesha, magunia tisa nyuma, gari likiwa kwenye gia nzito na mguu wangu mbali na breki, na sikuwa na hofu hata kidogo.

Anayetaka kununua gari kama hili asidanganywe na bodi. Bodi ni aluminiamu, kutu haiwezi. Chesisi ni chuma, na gari lililolala miaka mingi karibu na bahari huliwa kuanzia nyuma, pale tope linapoganda. Fundi wetu wa Ngamiani aligonga kwa nyundo, ncha ikazama ndani. Kuchomelea tu kulitutoa laki sita na nusu. Lala chini uangalie kabla hujatoa pesa.

Lakini kutu hainikatishi tamaa, kutu inachomelewa. Kilichonigeuza ni mabenchi. Hii yetu ina milango miwili mbele na mmoja nyuma, na huko nyuma ni mabenchi mawili ya kutazamana, bila mkanda. Kwa magunia ni sawa kabisa. Siku moja tukitoka Pongwe kwenda Muheza, lami safi, mwendo wa kawaida, baiskeli yenye tenga la machungwa ikakatiza mbele yangu. Nilikanyaga breki kwa nguvu. Mwendesha baiskeli alipita salama, ila mtoto wangu wa kati alitoka kwenye benchi akagonga paji la uso kwenye chuma kilicho nyuma ya siti yangu. Uvimbe ulitoka kama yai. Nilikaa naye chini ya mwembe pembeni ya barabara mpaka alipoacha kulia, nami nikawa najiuliza ingekuwaje kama ningekuwa kwenye themanini. Usiku ule sikulala.

Noah ina siti nane, zote zina mkanda, na mbele kuna mifuko ya hewa. Na ina ule mlango wa pembeni wa kuteleza. Mama mkwe ana magoti mabovu. Kwenye Land Rover tulikuwa tunambebea kigoda cha kupandia, na bado lazima wawili wamshike. Siku ya kwanza ya Noah aliingia mwenyewe. Akaketi, akavuta mkanda, akasema, "Haya mwanangu, twende Pangani." Alikuwa hajafika Pangani tangu msiba wa baba mkwe. Tulikwenda hiyo hiyo Jumapili, tukakaa pale mtoni watoto wakiangalia kivuko kinavyovuka kwenda Bweni, na yeye akiwasimulia mambo ambayo hata mume wangu hakuwa akiyajua.

Ubaya wake upo. Iko chini mno. Kiangazi niliifikisha Amani polepole, lakini mvua za kwanza tu ilinikwamia, vijana watatu wakaisukuma, na sampo, lile karai la mafuta ya injini chini, ikagonga jiwe. Sikurudia tena. Giaboksi ni CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, na hapo watu wengi wanaua magari yao: ukiwekewa ATF, yaani mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida, imekwisha. Nunua mafuta ya CVT mwenyewe, usimame uone yakimiminwa. Kuhusu ulaji wa mafuta, kwa hesabu yangu Land Rover ilinipa kilomita 9 kwa lita na Noah 11. Si tofauti ya kukufanya uamue.

Nilichoamulia ni daftari la biashara, ambalo naandika kila safari. Katika miezi saba, siku ambazo Land Rover peke yake ndiyo ingeweza kupita zilikuwa kumi na moja. Siku ambazo watoto walikuwa ndani ya gari ni karibu zote. Nilimwonyesha mume wangu ule ukurasa. Alinyamaza muda mrefu, maana gari lile ndilo alilojifunzia kuendesha, kisha akasema sawa.

Tumeiuza kwa mkulima mmoja wa Monga, milioni 15, na tulipatana jambo moja zaidi: njia ikiharibika, mzigo wangu anaushusha yeye hadi Muheza kwa elfu tatu kila gunia. Mume wangu aliipeleka mwenyewe, akarudi na basi. Wiki iliyopita mkulima yule alinishushia magunia saba. Nilizikunja siti za nyuma za Noah, na yote saba yakaingia.