Ubao wa Haidrofoili wa Umeme: Spidi ya Kweli na Hali ya Nyaya

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nina ubao wa haidrofoili wa umeme, yaani ubao wa kusimamia wenye mota na bawa chini ya maji linalounyanyua juu ya maji ukishika kasi, na naanza na spidi kwa sababu ndiyo mnayoniuliza kila mara. Ile namba kubwa kwenye skrini msiiamini haraka. Saa ya GPS ikizama majini hupoteza mawimbi, na ukiibua mkono inaweza kurukia namba ya ajabu kwa sekunde moja. Mimi nafunga kipokezi juu ya kofia ngumu, nachukua wastani wa sekunde 10, halafu napita njia ileile kwenda na kurudi. GPS hupima mwendo wako juu ya ardhi, haijui maji yenyewe yanakwenda wapi. Maji yakikusukuma kwa kilomita 3 kwa saa, kwenda na kurudi vinatofautiana kwa kilomita 6! Kwa kipimo hiki ubao unakimbia vizuri, ila haufikii spidi iliyoandikwa kwenye boksi.

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo penye kazi. Nimefungua sehemu ya juu ya mlingoti, ile nguzo inayounganisha ubao na bawa la chini. Nyaya hizi tatu nene zinashuka mpaka kwenye mota. Tazameni huu wa katikati: pale unapoingia mlingotini, ganda la silikoni limechubuliwa na ukingo wa alumini. Na ndani ya konekta, mnauona unga wa kijani? Shaba imeanza kuliwa na chumvi. Tena maji hupanda chini kwa chini kati ya nyuzi, kwa hiyo usikate ncha tu ukalehemu upya. Kata mpaka uione shaba safi.

Waya huteseka zaidi ubao unapong'oka majini. Betri ya volti 50 ikitoa wati 5,000, hizo ni ampia 100. Ukishapaa, tuseme zinashuka hadi 40, joto kwenye nyaya za betri hupungua zaidi ya mara 6, kwa sababu joto hufuata mraba wa ampia. Konekta yenye kutu inaungulia hapo mwanzoni.

Ziwani ningeuchukua. Baharini, hapana, mpaka waweke nyaya za shaba iliyopakwa bati na raba ya kukinga huo ukingo. Mnaoumiliki tayari, suuzeni kwa maji yasiyo na chumvi kila mkitoka, na mota ikitetemeka bila kuzunguka, achia rimoti papo hapo: huenda waya mmoja umeshakatika, na ukilazimisha utaunguza na kontrola, kile kifaa kinachoipa mota umeme.