Kuhama PLC-5 bila kufungua nyaya: uzoefu wangu na seti ya 1492

Anayeendesha mashine kwa PLC-5 ya Allen-Bradley, kompyuta ya viwandani inayoongoza mashine, anajua hali ilivyo. Rockwell, wenye chapa hiyo, waliacha kuiuza Juni 2017, na tangu hapo unaishi kwa vipuri vya mtumba. Sisi tulivumilia, mpaka prosesa tuliyonunua kwa muuzaji mmoja ikawaka vizuri lakini ikagoma kuwasiliana na kompyuta, na dhamana yake ikawa karatasi tu. Tukahamia ControlLogix, mfumo mpya zaidi wa Rockwell hao hao.

Ninachokisifu bila kusita ni seti ya 1492 ya kuhamishia nyaya. Moduli za zamani za 1771, yaani kadi za PLC-5 zinazopokea na kutoa ishara, zina mkono wa terminali unaochomoka na nyaya zake zote. Seti hii inautumia mkono uleule: unatoa raki ya zamani, unafunga fremu mpya kwenye matundu yaleyale, unachomeka mkono kwenye kadi ya kubadilishia, na kebo iliyokuja tayari inafikisha ishara kwenye moduli mpya ya 1756, ya ControlLogix. Waya wa sensa haukuguswa hata mmoja. Kwa paneli ambayo lebo zake zilishafutika zamani, hapo pesa imerudi. Ila pima kina cha kabati kabla ya kuagiza, kwa sababu raki mpya inakaa juu ya fremu na kusogea mbele, na mlango unaweza kukataa kufunga.

Kwenye programu ndiko tulikotoka jasho. Kigeuzi, yaani programu ya kutafsiri ya zamani kuwa mpya, kinahamisha mantiki ya ngazi (programu inayochorwa mistari kama ngazi), na penye mashaka kinaweka alama ya PCE, yaani huenda pana kosa la kugeuza. Zile alama si tatizo; unazifuata moja moja, nyingi zikiwa kwenye block transfer na MSG, amri za kuhamisha data kati ya moduli au vifaa. Kazi ipo kwenye yale yasiyo na alama.

PLC-5 husoma ingizo za raki yake, hupitia programu, kisha huandika matokeo, na wakati programu inapita ingizo hizo hazibadiliki. ControlLogix hupokea ingizo kwa ratiba yake, hata katikati ya mzunguko. Mstari wa juu unaweza kuiona sensa imezima, wa chini ukaiona imewaka, ndani ya mzunguko uleule. Mashine inafanya kituko, unakaa kuisubiri irudie, hairudii! Dawa ni kunakili ingizo zote kwenye tagi za ndani (majina ya kumbukumbu ya programu) mwanzoni mwa mzunguko na mantiki isome hizo tu. Mkandarasi akikuambia hakuna haja, mwulize ameipimaje. Tena mkague anavyohesabu anwani: I/O ya PLC-5 hufuata msingi wa nane, baada ya 07 inakuja 10, kwa hiyo 17 ya zamani ni biti ya 15.

Seti naipa nyota tano, kigeuzi tatu.

Kama bado hujapata bajeti ya kuhama, tafuta leo faili la programu lenye maelezo, kwa kuwa programu ukiichota kutoka kwenye prosesa inakuja bila maelezo. Maelezo hukaa kwenye kompyuta. Betri ya lithiamu ya prosesa ibadilishe umeme ukiwa umewashwa. Prosesa isiyo na EEPROM (kumbukumbu isiyohitaji umeme kuhifadhi), ikizimwa betri ikiwa imekufa, inapoteza programu yote. Raki tuliyoitoa hatukuitupa: laini yetu nyingine bado ni PLC-5, na moduli zake ndizo akiba.