Inveta yenye chaja: kabla hujalipa, uliza inakula kiasi gani ikikaa bure

Betri zilikuwa mpya, paneli za sola safi, na bado kila alfajiri inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, ililia kwamba betri zimeisha. Nikarudi kwa muuzaji, akaniambia niongeze betri. Usiku mmoja nikazima friji, taa, mpaka swichi kuu ya nyumba, kisha nikabana mita ya kupimia ampea kwenye waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta. Ikasoma ampea 2.3. Nyumba nzima giza, hakuna kinachotumika, na kwa volti 25 hizo ni wati 57 hivi. Zidisha kwa saa 24 upate karibu wati-saa 1,370 kila siku. Betri zangu mbili za asidi, za Ah (ampea-saa) 200 kila moja, zikiungwa kwa volti 24 zina wati-saa 4,800, na anayezitunza hatumii zaidi ya nusu. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya umeme niliopaswa kuutumia ulikuwa unaliwa na inveta yenyewe.

Ndiyo maana sitawachosha na habari za wimbi safi wala waranti. Hayo kila duka litakueleza. Ninachotaka ukatazame ni mstari mmoja kwenye karatasi ya vipimo: matumizi bila mzigo. Kwa anayetumia umeme wa gridi, wati 50 si kitu. Kwako wewe unayetegemea jua peke yake, hizo ni paneli na betri unazonunua ili kulisha sanduku lililotundikwa ukutani.

Nikipanga kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni Victron MultiPlus-II ya volti 48, na sifichi kwamba naipenda. Ile ya 3000 inakula wati 11 ikikaa bure, ile ya 5000 inakula 18. Linganisha na 57 zangu. Ndani ina transfoma nzito, na uzito huo ndio unaobeba pampu inapowaka. Mota ikianza kuzunguka huvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida, kwa hiyo pampu inayokula wati 750 inaweza kudai 4,500 kwa kitambo kidogo. Ile ya 3000 inafika kilele cha wati 5,500.

Ila soma vizuri hiyo 3000. Ni VA (volti mara ampea), si wati inazotoa kweli. Kwa nyuzi joto 25 inatoa wati 2,400, na chumba kikifika nyuzi 40 inashuka hadi 2,200. Jumlisha vitu vitakavyowaka kwa pamoja, ongeza robo, ndipo ulinganishe na namba ya nyuzi 40. Kisha angalia mota kubwa kuliko zote uone kama kilele kinaitosha. Usinunue kubwa kupita kiasi eti kwa usalama, kwa sababu kadiri inveta inavyokuwa kubwa ndivyo ulaji wake wa bure unavyopanda.

Ya pili ni Studer Xtender ya Uswisi. Nayo ni ya transfoma, na ina hali ya kusubiri unayoweza kuiseti ili ilale mpaka kitu kiwashwe. Hali hiyo ijaribu kwanza kwa taa zako, maana taa ndogo ya LED huenda isitoshe kuiamsha.

Tatu, zile nyepesi zenye kila kitu ndani, pamoja na chaja ya sola. Zinarahisisha ufungaji, na kama mchana wako una jua la kutosha na betri zako ni kubwa, zitakufaa. Nyingi zinakula wati 40 hadi 60 bure. Za bei rahisi za volti 12 mwachie mwenye taa na simu tu. Wati 3,000 kwa volti 12 ni ampea 250 kwenye waya, na kwa volti 48 ni 63.

Upande wa chaja watu huusahau mpaka jenereta ianze kukohoa. Chaja ya ampea 70 kwenye betri za volti 48 inavuta karibu kilowati 4, na jenereta ya kVA 3 haiwezi. Hakikisha inveta inakuruhusu kuweka kikomo cha ampea inazovuta kutoka kwenye jenereta. Betri za asidi nazo zichajiwe kwa asilimia 10 hadi 20 ya Ah zake. Betri zilizoungwa pamoja zikawa na Ah 200 zinataka ampea 20 hadi 40, hata kama chaja inaweza 70.

Kinachonikera ni maboksi. Namba kubwa iliyoandikwa mbele mara nyingi ni ya kilele, ambayo inveta inaihimili kwa sekunde chache, na ile ya ulaji wa bure haipo hata kwa maandishi madogo. Niliuliza maduka matatu. Mawili yalinijibu kwamba inveta bila mzigo haili kitu. Hao ndio wanaotushauri tuongeze betri, na betri wanauza wao.

Siku hizi nikienda kununua nabeba mita yangu. Naomba waiunge inveta kwenye betri palepale dukani, waiwashe bila mzigo, nami nibane waya nisome.