Uzoefu wangu: matundu manne ya sauti kwenye kompyuta ya sebuleni

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia kompyuta ndogo ya mezani kama mashine ya filamu, mpira na muziki sebuleni kwangu Tabata, na katika muda huo nimejaribu kila njia ambayo sauti inaweza kupita kutoka kwenye kompyuta hiyo hadi kwenye risiva, yaani mashine ya kukuza sauti, yenye spika tano na sabufa moja. Risiva yenyewe ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo, na nilipoifikisha nyumbani niliamini kwamba tundu ni tundu tu, ilimradi sauti inatoka.

Nilianza na waya wa kawaida wa analojia, ule wenye pini ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Sauti ilitoka, lakini ilitoka na mvumo mzito usiokatika, na kila nilipokisogeza kipanya nilisikia mkwaruzo mwembamba kwenye spika ya kushoto, kana kwamba kuna panya wa kweli nyuma ya kabati. Mkwaruzo huo ulikuwa kelele ya umeme wa ndani ya kompyuta, kwa kuwa sehemu inayogeuza sauti kuwa analojia imebanana na vifaa vingine kwenye ubao mmoja. Mvumo ulinichosha zaidi kuutafuta. Nilibadilisha waya, nikahamisha plagi, nikazima feni, na hakuna kilichosaidia, mpaka jioni moja nilipochomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi ili nifute vumbi na chumba kikanyamaza ghafla. Waya wa dishi ulikuwa umegusana na ethi ya jengo kwa njia yake, kompyuta nayo ilikuwa na ethi yake kwenye soketi, na kati ya njia hizo mbili umeme kidogo ulikuwa ukizunguka kupitia waya wangu wa sauti kwa mapigo 50 kila sekunde. Kuna watu hukata pini ya ethi ili kuua mvumo wa namna hii. Mimi nina watoto wawili wanaogusa kila kitu, kwa hiyo sikuifikiria njia hiyo hata kwa dakika moja.

Fundi wa mtaani kwetu ndiye aliyenielekeza kwenye waya wa mwanga, ambao wauzaji huuita optikali. Teknolojia hiyo ilitolewa na Toshiba mwaka 1983, na faida yake kubwa kwa mtu mwenye tatizo kama langu ni kwamba ndani yake hamna chuma, kwa hiyo ule umeme wa kuzunguka unakosa pa kupita. Nilinunua waya wa mita mbili, nikauchomeka kwa nguvu, na sikusikia chochote. Nilikaa karibu saa nzima nikiilaumu risiva ya mtumba kabla mke wangu hajauliza vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha za waya ni vya nini. Nilivichomoa, taa nyekundu ikaonekana kwenye ncha, na sauti ikaja safi kabisa, bila mvumo na bila panya.

Hata hivyo, waya huo una mipaka ambayo muuzaji hatakueleza. Unaweza kupitisha stereo isiyobanwa, au sauti ya chaneli 5.1 (tano za spika na moja ya sabufa) iliyobanwa kwa mifumo ya Dolby Digital au DTS ya kawaida, na hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Sauti zenye taarifa nyingi za diski za Blu-ray, yaani TrueHD na DTS-HD Master Audio, hazipiti. Michezo ya kompyuta nayo ilinijia kwa stereo tu, kwa sababu kompyuta yangu haina programu ya kubana chaneli sita papo hapo. Nilijaribu pia kupeleka picha na sauti kwenye TV kwanza, kisha waya wa mwanga utoke kwenye TV kwenda kwenye risiva, na TV yangu ikazipunguza chaneli zote kuwa mbili bila kuniuliza.

Ndipo nikaja kwenye HDMI, yaani kutoka kompyuta hadi risiva, kisha risiva hadi TV. Dukani niliambiwa, "Bosi, chukua huu wa dhahabu, sauti utaisikia mpaka moyoni." Niliuchukua, nikaulinganisha na waya wa bei ya chini niliokuwa nao nyumbani, na moyo wangu haukuona tofauti yoyote. Kwa umbali wa mita moja na nusu, taarifa za kidijitali ama zinafika ama zinaharibika waziwazi kwa kukatika na kwa picha kupoteapotea.

Natumia programu ya kuchezea filamu na muziki iitwayo Kodi, jina linalomshtua mpangaji yeyote, na kwenye mipangilio yake ya sauti niliruhusu sauti ipitishwe kama ilivyo ili risiva ndiyo ifanye kazi ya kuifumbua. Kwenye Blu-ray, Dolby Digital huishia kilobiti 640 kwa sekunde, ilhali TrueHD inaweza kufika megabiti 18. Nakiri kwamba masikio yangu hayakuona pengo kubwa kama namba hizo zinavyoahidi, na kuishusha spika ya kati kutoka juu ya kabati hadi usawa wa masikio kuliyasafisha maneno ya waigizaji kuliko mabadiliko yoyote ya waya. Anayenunua risiva ya mtumba asome nembo zilizo usoni mwake, kwa kuwa upitishaji wa TrueHD ulikuja na HDMI 1.3 mwaka 2006, na mashine za kabla ya hapo haziifahamu. Kama yako haiifahamu lakini inapokea chaneli nyingi za PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa, kwa HDMI, iache kompyuta ifumbue yenyewe, na kwa mfumo wa 5.1 kama wangu hutapoteza kitu. Jambo lingine ni kwamba sauti ikipitishwa kama ilivyo, vitufe vya sauti vya kompyuta havifanyi kazi, na utalazimika kutumia rimoti ya risiva. Midomo pia ilichelewa kidogo nyuma ya maneno kwa sababu TV huchukua muda kuichakata picha, nami nikaichelewesha sauti kwa milisekunde 120.

Niliazima pia kifaa cha sauti cha USB kwa wiki moja. Kilikuwa kizuri kwa stereo, lakini hakikunipa kitu ambacho waya wa mwanga haukuwa umenipa, nikakirudisha.

Kwa filamu na mpira, basi, nimebaki na HDMI, ila ina kero moja ambayo sijaipatia dawa. TV ikizimwa, kompyuta yangu huona kwamba skrini imeondoka, na sauti hukatika hapo hapo. Kwa hiyo waya wa mwanga haukwenda kwenye droo. Jumapili asubuhi ninapotaka taarabu bila kuwasha skrini, nahamisha sauti kwenye tundu hilo, naiweka risiva kwenye stereo, na sauti ya CD, sampuli zote 44,100 za kila sekunde, inapita nzima bila kubanwa. Kanuni, ile ala ya nyuzi, inasikika kushoto, akodiani kulia, na TV imezimwa. Vile vifuniko vya plastiki mtoto wa pili amekwisha kuvipoteza.