Intaneti ya faiba hapa Lubumbashi: "Mama, shida iko mu bahari"

Msinunue. Ningeishia hapo, ila hasira bado imenikaa kooni, basi wacha niwaeleze.

Mimi ni deklara, natayarisha karatasi za forodha za mali inayopita Kasumbalesa. Lori likilala mpakani usiku mmoja zaidi, mwenye mali hampigii dereva simu, ananipigia mimi. Ndiyo sababu nilikubali kulipa dola 50 kila mwezi nipate faiba, nikaachana na kuhesabu mega za simu.

Mvua zilikuwa zimeanza tu. Asubuhi naingia ofisini, taa ya ruta ni nyekundu. Nikazima, nikawasha. Nyekundu. Na nina malori mawili ya unga wa mahindi yanangoja karatasi. Nikapanda teksi hadi kwa wakala wa kampuni ya faiba.

Kijana wa dirishani hakuinua hata uso. "Mama, shida haiko kwetu. Kebo ilikatika mu bahari."

"Mtoto yangu, huku Lubumbashi bahari inatoka wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Mpaka leo sijui walimcheka nani. Yeye akasema tu, "Uende ku nyumba, utapata mesaji," huku kidole kinasogeza video kwenye simu yake, moja baada ya nyingine. Naomba kuuliza: video zile zilikuwa zinapita bahari gani?

Mesaji haikuja. Kesho yake pia haikuja.

Jioni mtoto wa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anayesoma uhandisi chuoni, akanikuta nimefura. "Mama mdogo," akasema, "yule hakudanganya kabisa." Nilitaka kumfukuza, lakini alichoniambia kilinikalisha chini. Kumbe karibu kila tunachotuma nje ya Afrika kinapita kwenye nyaya zilizolala chini ya bahari, nyembamba kama mpira wa kumwagilia bustani, ndani yake nyuzi za kioo kama unywele. Upande wa Atlantiki nchi yetu ina kipande kidogo tu cha pwani, na pale Muanda ndipo ilipotua WACS, ile inayotoka Afrika Kusini hadi Uingereza. Upande wetu wa Katanga kuna pia njia ya Zambia, inayoteremka kusini au kwenda Dar es Salaam, zilipotua nyaya nyingine, SEACOM na EASSy.

Na kinachozikata? Mimi nilidhani samaki. Mwezi wa 8 mwaka 2023, mbele ya mdomo wa mto Kongo, matope yaliporomoka kwenye bonde refu lililo chini ya maji, yakakata WACS na waya mwenzake, SAT-3. Meli ya kutengeneza, Léon Thévenin, ikabidi itoke Cape Town, itafute ncha huko chini, izivute juu na kuziunga. Mto Kongo! Maji ya Lualaba yetu haya, yanaanzia hapa kwetu Katanga, yanazunguka nchi nzima halafu yanakwenda kutukatia intaneti. Nilicheka peke yangu. Mwezi wa 3 mwaka 2024 zikakatika nne kwa pamoja karibu na Abidjan. Mwezi wa 5, SEACOM na EASSy zikakatika siku moja. Sasa kuna mpya, 2Africa, ya kilomita 45,000, inayozunguka bara zima, nayo imetua Muanda. Basi nikaanza kumhurumia yule kijana. Nikasema labda mimi ndiye mkorofi.

Huruma ilidumu usiku mmoja. Asubuhi jirani yangu, kampuni ileile, mtaa uleule, anaongea na mwanawe aliye Ubelgiji kwa video. Bahari imemruka yeye?

Siku ya tatu akaja fundi, kwa sababu mtoto wa yaya alipiga simu kumi na zaidi. Mtu mzima, mpole, alisalimia kwanza. Akafuata waya kwa macho kutoka ukutani hadi nguzo ya kwanza, hatua thelathini hivi kutoka kwenye geti langu, akatabasamu. Waya ulikuwa unaning'inia. Lori lililopakia magunia ya makala, makaa ya kupikia, kupita kimo lilikuwa limeuvuta. Lori! Siku tatu bahari yangu ilikuwa kwenye nguzo hiyo, na mimi napita chini yake kila asubuhi.

Nilimuuliza mbona walisema bahari. Akasema tangu ule mwaka wa 2024 dirishani wanampa kila mtu jibu hilo; jina langu hakuna aliyeliandika popote. Dakika ishirini akawa ameunga, taa ikawa kijani. Nilimpa soda, akainywa amesimama.

Sasa nisiwe mwongo. Faiba yenyewe, ikiwa nzima, ni nzuri. Nikilinganisha na mega za simu, hata sitaki kukumbuka. Jana usiku nilituma karatasi za malori manne kabla chai haijapoa. Mwezi huu nimeshalipa, na nadhani ujao nitalipa pia, kwa hiyo lile "msinunue" la juu mlisome mnavyotaka. Ila kwa yule kijana sirudi. Nikikwama namtuma mtoto wa yaya, na kwenye simu yake nimemwekea picha ya nguzo.