Laina ya kidimbwi: nilisubiri hadi kiraka cha saba

Laina ya kidimbwi chetu cha kuogelea, ile plastiki ya ndani inayoshika maji, ilikuwa na viraka saba tulipoitoa Februari 2025. Lau ningeitoa kwenye kiraka cha tatu, bati la ukuta lisingeshika kutu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya niandike.

Kidimbwi chetu kiko Ruai, Nairobi. Ni cha duara, ukuta wa bati uliosimama juu ya ardhi, kipenyo mita 4.6, na maji yakifika kina cha mita 1.1 ni kama lita 18,000. Bati kazi yake ni kuzuia msukumo tu. Kinachoshika maji ni laina, ile plastiki ya vinili iliyotandazwa ndani. Yetu ilikuwa na miaka minane. Wikendi nafundisha humo watoto wa majirani kuogelea.

Shida ilianza baada ya mvua za Aprili 2024. Ardhi ya huku ni ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka kiangazi kikiingia. Maji yalijipenyeza chini, laina ikanyanyuka, na iliporudi chini ikaacha mikunjo. Juni nikaona maji yanashuka.

Kabla ya kumwita fundi nilifanya jaribio la ndoo. Unajaza ndoo maji, unaiweka kwenye ngazi ndani ya kidimbwi, unatia alama usawa wa maji ndani ya ndoo na usawa wa kidimbwi, unazima pampu, kisha unaacha siku moja. Jua linakunywa kote sawasawa. Ndoo yangu ilipungua nusu sentimita, kidimbwi sentimita tatu. Kwa upana wa kidimbwi chetu, sentimita moja ni lita 160 na ushee, kwa hiyo nilikuwa napoteza zaidi ya lita 400 kwa siku pasipo jua kuhusika. Na mfereji wetu unatoa maji siku mbili kwa wiki.

Fundi wa kwanza alinibandikia viraka mara nne. Kila mara alisema, "Hii bado iko sawa, mama." Haikuwa sawa, na nadhani alijua. Kiraka kilikaa vizuri chenyewe, lakini wiki chache baadaye mpasuko mwingine mdogo ulitokea pembeni yake, kwenye ukingo wa gundi. Tundu moja lililotobolewa na kucha ya mbwa au jiwe, hilo bandika na uendelee. Mipasuko ikianza kufuatana, plastiki yenyewe imezeeka.

Fundi wa pili hakugusa gundi. Alinishika mkono akaniambia niikunje laina hapo juu ya usawa wa maji, mahali jua linapopiga kutwa. Ilikuwa imepauka, ngumu kama ganda la karanga, na nilipoikunja ikatoa mstari mweupe wenye vinyufa. Chini ya maji bado ilinyumbulika kidogo. Nairobi tuko karibu na ikweta na juu sana ya usawa wa bahari, jua letu si la mchezo kwa plastiki. Nami nilikuwa nikimwaga klorini nyingi kila baada ya mvua, jambo linaloikausha zaidi. Kisha akaniuliza, "Mama, umeangalia bati kwa nje, kule chini?" Nilikuwa sijaangalia. Palikuwa na michirizi ya kahawia kuanzia kwenye reli, ule ukanda wa chini ambamo bati limesimama, na rangi ilimenyeka nilipoipitishia kidole.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Alichagua Februari kwa sababu laina ikipata joto inanyooka vizuri. Julai ingekuwa mateso. Walikwangua kutu, wakapaka rangi ya kuzuia kutu, wakabadilisha mchanga wa chini na kuupiga hadi ukawa laini. Laina mpya, unene wa nusu milimita, waliianika juani kwanza. Maji yalipofika kimo cha kifundo cha mguu waliingia pekupeku wakisukuma mikunjo kuelekea ukutani. Hapo usiharakishe boza, lile lori la maji: kina kikishaongezeka, mkunjo hausogei tena. Nilihitaji boza mbili za lita 10,000, gharama ambayo sikuwa nimeiweka kwenye hesabu, kwa hiyo wewe iweke mapema. Na usimwage maji ya zamani wiki kadhaa kabla ya fundi kuja, maana laina kuukuu ikikauka husinyaa na huwezi tena kuirudisha ukibadili nia.

Laina mpya naipa alama nzuri. Nilirudia jaribio la ndoo mara tu ilipotulia, na ndoo na kidimbwi vilishuka sawa. Fundi namsifu kwa mchanga na kwa uvumilivu, ila aliacha mkunjo mmoja karibu na ngazi, mahali watoto wanapokanyaga zaidi. Kila Jumamosi kabla hawajaingia naupitishia kidole kuona kama umeanza kupauka.