Daktari wa afya kazini Mombasa: mchunguze kabla hajakupimia watu

Huduma ya kupima wafanyakazi inayouzwa kuanzia Shimanzi hadi Changamwe na Jomvu huja kwa namna mbili: wapimaji waje na gari hadi yadi, au watu wapelekwe kliniki. Gari linapendwa na mameneja kwa sababu kazi haisimami. Kwa presha, macho, uzito na mkojo linatosha kabisa. Kwa masikio, hapana, isipokuwa gari lenyewe lina kibanda kisichopitisha kelele.

Kipimo cha kusikia kinataka kimya. Ukikifanya ndani ya kontena la ofisi, forklifti zikipita nje, aliye mzima anaandikwa mgonjwa. Mfanyakazi naye awe amekaa mbali na kelele saa 14 hivi, kwa hiyo apimwe asubuhi kabla ya zamu. Atokaye zamu ya usiku masikio yake yamechoka, majibu hayaaminiki. Dai grafu: kelele huacha shimo karibu na hezi 4,000, yaani kwenye sauti nyembamba. Karatasi yenye neno "kawaida" peke yake irudishe.

Wachomeleaji na wanaokula vumbi la klinka (malighafi ya saruji) wapimwe mapafu. Mtu apulize hadi apate mipulizo mitatu inayokubalika, kila mmoja kwa takriban sekunde 6, na miwili bora isipishane kwa zaidi ya mililita 150. Mpulizo mmoja halafu "anayefuata!" ni hela ya bure. Ulizia pia sirinji ya lita 3 ya kuhakiki mashine. Wakianza kutazamana, umeshapata jibu.

Kwa vyeti, jina litafute mtandaoni kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari, kisha uone barua ya uteuzi ya DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, na tarehe yake. Mteule si lazima awe bingwa wa afya kazini. Muulize amesomea wapi fani hii. Na kile cheti cha miezi 6 cha wahudumu wa chakula ni habari nyingine kabisa, hakimfai mchomeleaji.

Anayejua kazi yake huomba orodha ya kazi, kemikali na vipimo vya kelele vya eneo kabla ya kutaja bei. Anayetoa bei moja kwa kila kichwa, karani na mpiga rangi sawasawa, anauza karatasi.

Gharama ni ya mwajiri. Anachopaswa kupata ni kama mtu anafaa kazi ile, na kwa masharti gani. Majibu ya damu yakitumwa kwa meneja kwa WhatsApp, badilisha daktari.